Simu Tano za Asubuhi kwa Mzee Shaweji

Hivi wewe, simu ikulilie saa moja na nusu asubuhi, uipokee kwa mkono wenye majivu ya jikoni, uulizwe kama mume wako yupo, na mume wako umemzika siku tisa zilizopita, ungejibu nini?

Mimi nilijibu, "Hayupo, mwanangu." Nikadhani nimejibu vizuri. Kumbe hapo ndipo nilipomharibia.

Lakini nianze na nchi kwanza, usije ukadhani nasema kwenu. Jina lake sitalitaja. Kwetu kulitaja jina la nchi kwenye maandishi kunahitaji kibali, na dirisha la vibali hufunguliwa siku ya pili ya kila mwezi, kama siku hiyo si sikukuu, na sikukuu tumejaliwa nyingi. Ni ile nchi yenye amani. Ubao uliopo mpakani umeandikwa hivyo kwa herufi kubwa, na askari wanne wanaulinda usiku na mchana usije ukaibiwa.

Mume wangu, Shaweji Mtulia, alikuwa karani wa simu katika Idara ya Mawasiliano ya Watumishi. Miaka thelathini na minne. Kazi yake ilikuwa kutunza daftari lenye majina ya watumishi wote na namba zao, ili mkubwa akimtaka mtu ampate. Daftari gumu, gamba jekundu, pembe zimeshikizwa kwa kitambaa cha gundi. Aliliandika kwa penseli. Wenzake walimcheka. "Mzee Shaweji, serikali nzima unaiandika kwa penseli?" Naye akawajibu, "Watu wanahama, wanaoa, wanabadilisha namba. Wino utanisaidia nini?" Penseli akizichonga hapa nyumbani, maganda yake aliyatia kwenye kopo la maziwa, hakutaka yaanguke sakafuni kwangu.

Na alikuwa na desturi yake. Mtumishi akifariki, Shaweji hakulifuta jina. Alikwenda kwanza msibani, akavua viatu, akakaa mkekani na wafiwa, akawapa pole. Akirudi ndipo anachukua rula, anapiga mstari mmoja juu ya jina, anaandika tarehe, na pembeni anaandika neno moja: Nimekwenda. Nikamuuliza siku moja, mtu si ameshakufa, ufute tu yaishe. Akaniambia, "Siwezi kumtoa mtu daftarini kabla sijawaona wenyewe." Mistari hiyo nimeihesabu baadaye. Ni arobaini na sita, na hakuna hata mmoja uliopinda.

Basi ikaja habari ya mfumo. Tuliambiwa kompyuta za Idara zitaboreshwa kwa siku tatu, orodha zote zitakaa mahali pamoja, na daftari halitahitajika tena. Shaweji akaambiwa alipeleke nyumbani, na Jumanne asije, akae apumzike, mafundi wafanye kazi yao. Tangu aajiriwe hajawahi kuambiwa asije. Alivaa shati lake la kazi hata hivyo, lile la mifuko miwili, akakaa kitini hapo sebuleni kama mtu anayengoja kuitwa.

Saa tatu akasema kifua kimekuwa kizito. Mtumishi akiugua ana haki ya gari la ofisi, iko kwenye kitabu cha kanuni ukurasa wa kumi na nne, alinisomea mwenyewe. Nikapiga simu. Ikapokelewa na sauti ya mwanamke. Nikasema, "Mzee Shaweji anaumwa, naomba gari." Ile sauti ikasema, "Subiri kidogo, mama, mfumo unaboreshwa, natafuta namba ya dereva." Kisha ukaanza wimbo wa taifa.

Zamani ukisubirishwa kwenye simu ya Idara ulisikia kimya. Wimbo huo ulikuwa sehemu ya maboresho. Na kwetu wimbo wa taifa ukipigwa raia husimama wima, hata akiwa bafuni peke yake. Nikasimama. Wimbo wetu una beti sita, maana kila kiongozi aliyepita aliongeza wake. Shaweji yupo kitini, mimi nimesimama pembeni yake, simu sikioni, kama sheria inavyotaka. Ubeti wa tano ulipokuwa unakwisha nikaona mkono wake umeteleza kutoka gotini. Nikakata simu. Ubeti wa sita sikuungoja, na kwa hilo natumaini nitasamehewa.

Tukamzika Jumatano. Majirani walikuja, wakapika, wakafua, wakalala nami. Nilitandika mkeka mmoja pembeni, ule mpya wenye ukili wa zambarau, nikasema huu wa watu wa ofisini. Siku ya saba nikaukunja.

*

Sasa turudi kwenye simu. Kwetu kuna kitu kinaitwa Salamu za Uwepo. Kila asubuhi ya kazi opereta wa Idara huwapigia watumishi wote, kwa kufuata vyeo, awasalimu na kuwauliza, "Upo?" Mtumishi hujibu, "Nipo." Hapo ameshahesabiwa kazini, na kwa wengi wao kazi ya siku huwa imekwisha. Asiyejibu "Nipo" huandikwa hakuwepo. Akikosa wiki nne mfululizo anatangazwa mtoro, Ijumaa, uwanjani, kwa kipaza sauti, halafu jina lake linapakwa kwa rangi nyeusi kwenye Ukuta wa Watoro. Ukuta huo uko barabarani. Wajukuu zangu wawili hupita hapo kila siku wakienda shule, na mkubwa ameshajua kusoma.

Asubuhi hiyo ya kwanza ile sauti ilisema, "Mheshimiwa Marehemu Shaweji Mtulia. Idara inakusalimu. Upo?"

Nikafurahi kidogo, Mungu anisamehe. Nikasema, wameshajua kwamba ni marehemu. Ndipo nikajibu lile jibu langu la "Hayupo, mwanangu." Sauti ikasema, "Imeandikwa." Ikakata.

Sijafika jikoni, simu ikalia tena. "Ndugu Shaweji Mtulia, karani. Idara inakusalimu. Upo?" Kisha ikalia ya tatu, anatafutwa Shaweji Mtulia golikipa. Ya nne, Shaweji Mtulia, chai bila sukari. Ya tano, Shaweji Mtulia, msimamizi wa viti katika kamati ya harusi. Sauti ni ileile, na kila nikisema hayupo inajibu, "Imeandikwa."

Ikawa hivyo kila siku. Niliacha kuwasha moto mapema, nikawa nakaa karibu na simu mpaka zitimie tano. Siku nyingine baada ya ile ya tano sauti haikukata upesi. Ilibaki hapo, nasikia mtu anapumua. Nikadhani laini mbovu.

Wiki ya nne, Jumatatu, nikafunga cheti cha kifo kwenye pindo la kanga, nikaenda Idara.

*

Pale mapokezi alikaa binti mmoja mwembamba nyuma ya mashine ya simu, shungi lake la kijani limebanwa kwa pini mbili. Kibao kilisema anaitwa Mwasiti. Mbele yake, ukutani, kulikuwa na karatasi mpya, ya baada ya maboresho, yenye kichwa cha habari Maneno Yanayoruhusiwa kwa Opereta. Yalikuwa manne. Idara inakusalimu. Upo. Imeandikwa. Subiri.

"Shikamoo, bibi," akasema, halafu akatazama mlangoni kama aliyevunja kitu.

"Marahaba, mwanangu. Mimi ni mke wa Mzee Shaweji. Bi Sikuzani."

Mkono wake ukaacha kuandika. Akafungua mdomo, akaitazama ile karatasi, akasema, "Subiri."

Nikasubiri. Mimi kusubiri naweza. Nilihesabu marumaru kutoka mlangoni hadi ngazini, sitini na tatu, na mbili zimepasuka.

Akaja bwana mmoja nadhifu, Gaudensi, Afisa wa Mfumo. Shingoni amevaa vitambulisho vinne vyenye picha ileile. Nilipovishangaa akaniambia kwamba siku hizi kila mtumishi huvaa kwa idadi ya mara anazoonekana kwenye mfumo, na kwamba walinzi wamekuwa wakali sana. Wiki iliyopita alisahau kimoja nyumbani, robo yake ikazuiwa getini mpaka saa sita.

"Bibi yangu, wewe una bahati," akasema, "kuishi hadi siku hizi. Zamani Idara ilikuwa na watumishi mia mbili na kumi. Tumeboresha mfumo siku tatu tu, leo tuko elfu moja na tisini. Nchi gani jirani imekua hivyo?"

"Wamezaliwa wapi hao wote, baba?"

"Mfumo umekusanya kila orodha iliyokuwa kwenye kompyuta zetu. Orodha ya kazi, ya timu ya mpira, ya kamati ya harusi ya binti wa Mkurugenzi, ya chai ya saa nne, na ya misiba. Kila aliyeandikwa popote ni mtu."

"Lakini Shaweji wangu alikuwa mtu mmoja."

"Kabla ya maboresho," akasema Gaudensi, kwa upole kabisa.

Nikafungua pindo la kanga, nikampa cheti. Akakisoma pande zote mbili, hata upande usio na maandishi.

"Hiki kinasema amefariki Shaweji Mtulia mmoja. Sisi tunao watano. Amefariki yupi?"

"Wote, mwanangu. Wamelala kaburi moja."

"Basi tunahitaji vyeti vitano. Na nikuambie ukweli, bibi, msajili hatoi cheti cha pili kwa mtu ambaye ameshakufa. Akifa golikipa, karani bado ana wajibu wake."

"Si mfute tu hayo yaliyozidi."

Akashtuka, akapunguza sauti. "Kufuta jina ni kumfukuza mtu kazi. Lazima mwenye jina afike mwenyewe aseme kwa kinywa chake kwamba yeye si yeye. Mkurugenzi mwenyewe yumo mara kumi na moja. Mmoja wao ndiye mwenye mamlaka ya kuidhinisha ufutaji, na hatujui ni yupi. Tukimfuta huyo kwa bahati mbaya, nani atatuidhinisha tumrudishe?"

Niliona kweli ina ugumu wake. Mimi nimeishia darasa la saba, sikutaka kubishana na mfumo.

"Na huyu Marehemu mnayemwita kila asubuhi?"

Hapo uso wa Gaudensi ukachangamka. "Ah, Mheshimiwa Marehemu. Njoo nikuonyeshe."

Akanipandisha ghorofa ya tatu. Njiani akanieleza. Jina hilo lilitoka kwenye orodha ya misiba, nani aliliandika mfumo hausemi. Katika kuhamishwa, neno Marehemu likaangukia kwenye nafasi ya cheo. Ikaundwa Kamati ya Majina Yanayofanana, ikakaa siku mbili. Wajumbe wote walijua maana ya neno hilo, walikuwa watu wazima. Ila kusema mfumo umekosea kunahitaji fomu, na fomu iko ndani ya mfumo. Wakaulizana: mwenye cheo hiki amewahi kupewa onyo? Hajawahi. Amewahi kuomba likizo? Hajawahi. Ameshindana na maamuzi ya kamati? Hata mara moja. Wakaona basi hiki ni cheo kikubwa. Wakakiweka juu ya Mkurugenzi Msaidizi.

Akafungua mlango. Chumba kina zulia, dirisha kubwa linatazama bustani, meza inang'aa, na kibao cha shaba kimeandikwa jina la mume wangu. Mezani kuna kikombe cha chai kimefunikwa kwa kisahani.

"Huletewa kila saa nne," akasema Gaudensi. "Bila sukari. Hilo tulilipata kwenye ile orodha nyingine."

Shaweji alikaa miaka yote hiyo kwenye chumba cha chini kisicho na dirisha, karibu na choo. Akirudi nyumbani macho yalimtoka machozi kwa mwanga wa jua. Nikakigusa kile kiti. Kilikuwa laini. Nilitaka kusema kitu, ila karatasi ya maneno yanayoruhusiwa kwa wageni sikuwa nimeiona.

Mbele ya kikombe kulikuwa na barua. Nikasoma taratibu. Ilikuwa barua ya kumfukuza kazi Shaweji Mtulia, karani, kwa utoro, inangoja saini ya Mheshimiwa Marehemu Shaweji Mtulia.

"Asipotia saini?"

"Akikaa kimya hadi Ijumaa hii, ya wiki ya nne," akasema Gaudensi, "kanuni inahesabu kwamba ameridhika."

*

Nikaomba kumwona Mkurugenzi. Mwasiti aliniandikia jina langu kwenye kitabu cha wageni kwa mkono wake mwenyewe, mara moja tu, akaipigia mstari ile nafasi iliyobaki asije mtu akaniongeza.

Mkurugenzi, Daktari Mhandisi Kulaba Ngonyele, alikuwa na viti kumi na kimoja chumbani, na kwenye meza vikombe kumi na kimoja. Vitambulisho vyake vilikuwa vinagongana kifuani kama vijiko kwenye beseni. Alikuwa anahama kiti hadi kiti, kila kimoja anakaa kidogo, kwa haki. Asubuhi hiyo wote kumi na mmoja walikuwa wamekaa kikao na kupitisha kwa kauli moja kwamba wana imani na Mkurugenzi.

"Karibu, mama mzazi wa taifa," akasema. "Serikali hii inawapenda wazee. Katika awamu hii, mzee si mzee, mzee ni hazina. Na hazina si hazina mpaka itambuliwe. Na kutambuliwa, mama, ndiyo mfumo. Umenipata?"

"Nimekupata, mheshimiwa. Mimi nimekuja kwa ajili ya Shaweji."

"Shaweji yupi?"

"Mume wangu. Amefariki, na Ijumaa..."

"Amefariki yupi? Usijibu. Najua ni swali gumu, hata kamati limeishinda." Akahamia kiti kingine. "Mama, nimesikia kuna daftari."

Akasogea karibu, na kwa mara ya kwanza akazungumza kama mtu.

"Mkuu wa nchi yumo kwenye mfumo mara ishirini na tatu. Ukimpigia yule asiye yeye, ni dharau. Usipompigia yule aliye yeye, ni uasi. Wiki ya nne hii Idara ya Mawasiliano haijawasiliana naye. Sijui kama amekasirika. Sijui kama yupo. Nalala nikiiwaza hiyo simu." Akapangusa kipaji. "Mumeo alikuwa akiniandikia namba kwenye kipande cha karatasi, namba moja, na ilikuwa ndiyo yenyewe. Nilimwambia hatumhitaji tena. Lilete hilo daftari."

"Nikilileta, Shaweji mtampigia mstari kwa desturi yake? Mtu aje nyumbani kwanza, akae..."

"Tutalitafakari."

"Mheshimiwa, siku ile nilipiga simu hapa..."

"Lilete Ijumaa, mama. Mbele ya watu, litapendeza kwenye picha." Akahamia kiti cha mwisho, mimi nikajua mazungumzo yamekwisha.

Chini, Mwasiti alinisindikiza hadi kwenye ngazi za nje. Alinishika kiwiko tu kwenye ile ngazi iliyomomonyoka, na aliponiachia niliona macho yake mekundu. Nikamuuliza, "Ni wewe unayenipigia asubuhi?" Akatikisa kichwa kukubali. Nikamwambia, "Una sauti nzuri, mwanangu. Basi tu unaulizia mtu ambaye siwezi kukupa." Akageuka upesi, akarudi kwenye mashine yake.

*

Asubuhi ya Ijumaa zile simu tano hazikuja, maana Mwasiti alikuwa uwanjani akipanga vipaza sauti. Ilikuwa ndiyo wiki ya dua ya siku arobaini ya Shaweji. Nilikuwa nimeshaagiza mchele na kuazima sufuria kwa jirani. Nikalifunga daftari kwenye kanga pamoja na penseli yake ya mwisho, fupi, imebaki kama kidole gumba, nikaenda.

Uwanja wa Idara ulikuwa umejaa. Watu mia mbili na kumi walikuwa wamesimama mahali pa watu elfu moja na tisini, wameachiana nafasi kwa ajili ya wenzao wasioonekana. Upande wa barabara, fundi mpaka rangi alikuwa ameshaegemeza ngazi yake kwenye Ukuta wa Watoro, kopo la rangi nyeusi liko wazi, anakoroga kwa kijiti. Wajukuu wangu niliwaambia leo wapitie njia ya sokoni.

Mkurugenzi alihutubia kwanza. Alisema nchi yetu sasa inaongoza kwa kuwa na watu wengi wanaofanana. Alisema maadui wa maendeleo wanataka turudi kwenye penseli. Halafu akaniona nimekaa kwenye benchi la mbele na furushi mapajani, sauti yake ikalegea, akasema, bila shaka penseli nayo ina historia yake. Akatoa ishara. Gaudensi akamkabidhi Mwasiti orodha.

Mwasiti akasimama mbele ya kipaza sauti na lile shungi la kijani. Akaanza kusoma. Mtu mmoja alitajwa mtoro wa orodha ya chai, akiwa amesimama palepale na kikombe mkononi. Mwingine, mtoro wa timu ya mpira, mzee wa mkongojo. Kila jina likitajwa, mpaka rangi anachovya brashi. Watu hawakucheka. Walikuwa wanatazama miguu yao na kuhesabu vitambulisho vyao.

"Shaweji Mtulia," akasoma Mwasiti. "Karani."

Kipaza sauti kikabaki kinavuma. Mpaka rangi alikuwa ameshapanda ngazi, brashi iko juu, tone moja likadondoka kwenye saruji.

"Maliza," akasema Gaudensi kwa chini. "Limebaki neno moja tu."

"Soma kilichoandikwa," akasema Mkurugenzi.

Mwasiti akaikunja ile orodha mara mbili, akaiweka chini, akaiwekea jiwe dogo isipeperuke. Akakichomoa kipaza sauti kwenye stendi yake, akashuka jukwaani, waya mrefu unamfuata nyuma. Akaja hadi nilipokuwa. Pale mbele ya benchi akavua viatu, kimoja kimoja, akavipanga pembeni, akakaa chini kwenye vumbi, miguu amekunja kama wanavyokaa watu msibani. Nami nikateremka kwenye benchi nikakaa chini pamoja naye, maana mfiwa hakai juu ya wageni wake.

"Wewe opereta," akasema Mkurugenzi, "hayo yamo kwenye karatasi?"

"Hayamo, mheshimiwa," akasema Mwasiti, na kipaza sauti kikalipeleka hilo hadi barabarani.

Nikafungua furushi. Nikalifungua daftari kwenye ukurasa wake. Jina la Shaweji lipo hapo, kwa mwandiko wake mwenyewe, halina mstari. Mimi sikuthubutu kuupiga. Hiyo si kazi ya mke. Nikamnyooshea penseli.

Hakuipokea. "Hiyo baadaye, bibi," akasema. "Kwanza hili."

Akanishika mikono yote miwili, kipaza sauti kiko mapajani mwake kimeelekea juu, na uwanja mzima unasikia.

"Jumanne ile niliyepokea simu yako ni mimi. Nilikuwekea wimbo, nikaenda kutafuta dereva. Jina la dereva lilikuwa limeshatokea kwenye mfumo mara kumi na saba, kila moja na namba yake. Nikapiga zote. Zote ziliita simu moja ya ofisi, imefungiwa kwenye droo, ndani ya chumba kilichofungwa. Niliporudi ulikuwa umekata. Jioni nikapiga kwenu, akapokea mtu, nyuma yake nikasikia watu wanasoma dua, nikakata. Nikamwandika kwenye orodha ya misiba, nikijua wenzangu watasoma na watakuja. Hakuna aliyesoma. Nami sikuja. Kila asubuhi nimekuuliza mara tano kama yupo, na kila mara nilijua."

Akavuta pumzi, ileile niliyokuwa naisikia baada ya simu ya tano.

"Mzee Shaweji hakutoroka. Amekufa. Pole, Bi Sikuzani. Poleni sana, bibi yangu. Nilitaka kukuambia hivyo tangu siku ile."